Lori Tupu la Kobe

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Daftari, niwie radhi. Ukurasa wa mwisho niliuandika mwezi wa Julai, na leo wino wa kalamu umekauka hata nimelazimika kuuchochea kwa maji ya uvuguvugu. Sina udhuru, nina sababu tu. Nilianguka bafuni nikavunjika nyonga, na mtu aliyelala miezi saba hana la kuandika ila rangi ya dari. Dari ni nyeupe. Sasa umejua yote yaliyopita.

Leo yapo mengine. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, yule mpima ardhi, amekuja na kompyuta kwapani na kuiweka juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa. Anaongoza kundi la watu thelathini wanaocheza vita vya kuigiza kupitia mtandao, kila mtu nyumbani kwake, kila baada ya Jumamosi moja, saa nane mchana hadi saa kumi. Wanajiita Kikosi cha Siafu. Nilimwambia kwamba mimi ni mwanamke wa miaka sabini na mbili na mkono wangu wa kulia unatetemeka, kwa hiyo sitampiga mtu risasi, hata mtu wa katuni.

"Bibi, nani kakwambia upige risasi? Wapigaji ninao ishirini na wanne. Nataka mtu wa kuongoza malori."

Akanieleza. Katika mchezo huo kifaru kinakwisha mafuta. Bunduki inakwisha risasi. Aliyejeruhiwa hulala chini hadi gari la wagonjwa limfikie, na asipofikiwa ndani ya dakika kumi, amekufa, na aliyekufa harudi tena mpaka mechi iishe. Ametenga nafasi sita za watu wasiopigana kabisa: wa malori, wa gari la wagonjwa, fundi, na mmoja wa kukaa redioni kuwaongoza wote.

"Wewe umeongoza treni miaka thelathini na mmoja," alisema. "Magari matatu yatakushinda?"

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mechi ya kwanza kati ya tano. Tumeshinda, lakini ushindi wa aibu. Katika maisha yangu sijasikia redio ikitumiwa vibaya namna ile. Watu wanne wanasema kwa pamoja, hakuna anayejitaja, mmoja anatafuna. Niliuliza nani amesema "leteni mafuta huku". Jibu likaja: "Mimi." Nikauliza mimi ni nani, na huku ni wapi. Wakacheka.

Mpigaji wao hodari ni kijana anayejiita Radi. Kazini ni fundi wa lifti. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mechi ilipokwisha alisema, na wote wakasikia: "Hongera pia kwa wabeba maji wetu na Bi Mkubwa wao."

Niliandika jina lake kwenye karatasi na kulipigia mstari.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mvua ya kwanza. Nyonga iliijua kabla yangu.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nimewakusanya watu wangu watano redioni na kuwapa sheria. Ni zilezile za chumba cha kuongozea treni. Kwanza: taja unayemwita, kisha ujitaje. Pili: ukipewa agizo, lirudie lote, nami nitasema "sahihi"; kabla ya neno hilo gurudumu lisizunguke. Tatu: kipande kimoja cha barabara, gari moja. Halitoki la pili mpaka la kwanza limesema "nimefika".

Dereva wa lori la kwanza anaitwa Kobe, mwoka mikate wa makamo mwenye sauti nene kama pipa. Alilirudia agizo bila kuacha hata kituo. Gari la wagonjwa ni la mwanamke anayejiita Bandeji. Nilimuuliza kama kazini kwake ni muuguzi.

"Hapana mama, nina bucha. Lakini nazijua nyama zote zilipo."

Lori la pili wanaliendesha dada wawili mapacha wanaokaa mbele ya kompyuta moja na kusema kwa pamoja. Nimewaamuru wapokezane. Wa mwisho ni fundi, mtu mpole asiyetaka kujulikana, na mimi ninamheshimu kwa hilo.

Mimi wamenipa jina la Stesheni. Nimelikubali.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Mazoezi. Mvua. Mapacha wamepokezana kwa dakika tisa.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Tumeshindwa, na kosa ni langu. Naliandika leo lingali moto, kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kulipaka sukari.

Saa nane na dakika arobaini Kobe alitoka bohari na mafuta kuwapelekea wapiganaji kwenye kijiji cha mbele. Nilimwachia njia. Alirudia agizo. Nikasema sahihi. Dakika tano baadaye Bandeji aliniita: wapo watatu waliojeruhiwa kijijini, mmoja wao ni Radi, anaomba njia. Barabara ni moja. Kobe hajasema "nimefika". Nikamwambia: "Bandeji, subiri."

Nikamwita Kobe. Kimya. Nikamwita tena. Kimya.

Sasa elewa, daftari, jinsi nilivyofundishwa. Kwenye reli, treni isiyojibu ni treni iliyomo njiani. Labda waya umekatika, labda injini imezima, lakini mabehewa yale yapo pale kwenye reli, na ukiruhusu treni nyingine umeua watu. Kimya maana yake ni njia imefungwa. Nimelifuata hilo miaka thelathini na mmoja na sikumpoteza abiria hata mmoja.

Basi nilisubiri. Bandeji alikuwa akiniita kila dakika. "Stesheni, naomba njia." "Subiri." "Stesheni, wamebaki na dakika nne." "Subiri, Kobe hajafika." Radi alikuwa akipiga kelele zilizofika hadi kwenye masikio yangu kupitia kwa mjukuu wangu. Nilisubiri dakika kumi na moja.

Kobe alikuwa amekufa tangu dakika ya tatu. Alikanyaga bomu la kutegwa. Na sheria ya mchezo inasema aliyekufa asiseme neno, naye Kobe ni mtu wa sheria. Alikaa nyumbani kwake mikono mapajani, akinisikia nikimwita, asijibu. Barabara ilikuwa wazi kabisa. Nilikuwa nimeifunga kwa ajili ya marehemu.

Majeruhi watatu wakafa wakisubiri gari lililokuwa limewashwa. Kijiji kikachukuliwa. Mechi ikaisha saa tisa na robo.

Mvua ilikuwa ikinyesha hata nilipozima kompyuta. Sikula.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Radi ameandika kwenye ukurasa wa kikosi: nafasi sita za huduma zifutwe na zipewe wapigaji sita. "Tulikufa tukiwa na ambulensi yenye mafuta," aliandika. "Adui hakutuua. Tumeuawa na foleni." Wengi wamemuunga mkono.

Mjukuu wangu ni kiongozi, lakini katiba yao inamlazimu kujadili jambo lililoungwa mkono na watu kumi. Wameafikiana hivi: Siafu ikimaliza msimu ikiwa miongoni mwa timu mbili za juu, nafasi za huduma zitabaki. Isipomaliza hivyo, zitafutwa, nasi sita tutakuwa watazamaji.

Alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia na kunawa uso.

"Bibi, ungejitetea basi. Ungesema ni mambo ya mtandao."

"Haukuwa mtandao. Nilikuwa mimi."

Niliandika pale pale, chini ya maneno ya Radi: "Kosa lilikuwa langu peke yangu. Dereva, tabibu na fundi walifanya kazi yao barabara. Nitalirekebisha." Kisha nikahakikisha kwamba hakuna herufi iliyokosewa.

Angalau Radi hakucheka.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Nimepata mgeni. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamwona mtu mrefu mwenye unga kwenye nyusi, mkate umefungwa gazetini.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye yule marehemu."

"Marahaba. Ingia, marehemu, ufute miguu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Kobe. Tulikaa jikoni. Aliniambia kwamba siku ile, aliponisikia nikimwita mara ya sita, alitamani kugonga meza tu, nijue. Nikamwambia kwamba angegonga ningemfukuza. Tukacheka, naye akakata mkate.

Kisha akaniambia habari za kazini kwake. Chumba cha tanuri kina joto kali, na anayeingia kukwangua ndani lazima aimbe. Aliye nje anasikiliza. Wimbo ukikatika, haulizi, haiti, anaingia kumvuta.

"Ninyi mama, kwenye reli, mnasubiri mtu aseme kafika. Sisi tunasubiri anyamaze."

Niliweka kikombe chini. Nilimwomba alirudie. Alilirudia lote, kama nilivyomfundisha.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Sheria ya nne: kila gari lililo njiani liseme "nipo" kila dakika moja, na litaje lilipo. Dakika mbili zikipita bila sauti, gari limekufa, nami nimejua limefia wapi. Tutafanya mazoezi kila jioni kabla ya chakula. Nina saa ya mume wangu mezani, ile ya kazini, yenye mshale wa sekunde.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Tumeshinda. "Nipo" mia moja na kumi na nne. Nimezihesabu.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Mkwe wangu, mama yake mjukuu, ameuliza kwa nini naongea peke yangu jioni na kusema "sahihi, sahihi". Nimemwambia ninaongoza malori. Amekwenda kumnong'oneza mwanangu. Mwanangu amekuja, ameniangalia, amesema: "Mama, umenenepa kidogo. Inakufaa."

Nimegundua kwamba leo nimepanda ngazi bila mkongojo. Niliusahau chini.

Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Ushindi tena, lakini mvua kidogo itunyang'anye. Chumba changu kina paa la bati, na mvua ya leo ilikuwa kama mtu anamwaga kokoto. Nusu saa nzima nilibonyeza vipokea sauti masikioni hata vikaniacha na alama. Mara mbili nilimwomba Bandeji arudie. Mara ya tatu nilikisia. Nilikisia sawasawa, lakini sikuajiriwa kamwe kukisia, na sitaanza leo.

Bandeji alimfikia Radi kwa dakika tatu na nusu. Radi alisema: "Sawa." Neno zima.

Imebaki mechi moja. Tukishinda tunakuwa wa pili. Tukishindwa tunakuwa wa nne, na wabeba maji wanarudi nyumbani.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Mvua siku ya tano mfululizo. Nimejaribu kila pembe ya nyumba kwa sikio. Nimepata mahali pamoja tu penye utulivu.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Saa saba u nusu nilihamia ndani ya kabati la nguo. Ni kabati kubwa la ukutani. Niliingiza kiti, ubao wa kupigia pasi ukawa meza, kompyuta juu yake, makoti ya marehemu mume wangu kulia na kushoto, na blanketi mbili mlangoni. Mvua ikawa mbali kama habari za jirani. Mkwe wangu alichungulia akanikuta humo.

"Mama! Unafanya nini?"

"Niko vitani. Funga mlango."

Mechi ilikuwa hivi: juu ya Kilima cha Mnara wapo watu wetu na vifaru vitatu, na wakikishikilia hadi saa kumi kamili, tumeshinda. Kutoka bohari hadi kilimani zipo barabara mbili tu, ya daraja na ya msitu. Tulijua adui amekificha kikundi cha kuvizia kwenye mojawapo. Hatukujua ipi.

Saa tisa na dakika ishirini na tano, mjukuu wangu aliniita. "Stesheni, Stesheni, hapa Kiongozi. Vifaru vina mafuta ya dakika kumi. Risasi zinakwisha. Radi amejeruhiwa."

Kwenye bohari nilikuwa na lori moja lenye shehena, la mapacha, shehena ya mwisho. Lori la Kobe lilikuwa tupu. Nikilituma la mapacha kwenye barabara yenye adui, msimu umekwisha, na nafasi zetu sita pamoja nao. Ningeweza kubahatisha. Mjukuu wangu alisema: "Bibi, chagua tu!" Alisahau hata kuniita Stesheni.

Ndipo ikaja ile sauti ya pipa.

"Stesheni, Stesheni, hapa Kobe. Naomba njia ya daraja. Naenda mtupu."

Nilielewa mara moja. Anaomba kwenda kuimba ndani ya tanuri.

"Kobe, hapa Stesheni. Unajua maana yake?"

"Najua mama. Nikinyamaza, utakuwa umejua."

"Toka kwa njia ya daraja, mtupu. Sema nipo kila nusu dakika."

Alilirudia. Nikasema sahihi. Niliweka saa ya mume wangu mbele yangu.

"Kobe, nipo. Nimepita ghala."

"Kobe, nipo. Nguzo ya tatu."

Nikawaambia mapacha na Bandeji wawashe injini kwenye mdomo wa barabara ya msitu. Wakawasha.

"Kobe, nipo. Naliona daraja. Hakuna mtu. Nakanyaga daraja sa—"

Mshale ukazunguka. Sekunde thelathini. Arobaini. Kabati likanuka makoti na jasho langu. Sikumwita. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kutomwita. Vidole vyangu vilikwisha kuwa juu ya kitufe. Miaka thelathini na mmoja kimya kilikuwa kikiniambia: simamisha. Sekunde ya sitini ikapita, na nikasema kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi sebuleni:

"Mapacha, Bandeji, hapa Stesheni. Adui yuko darajani. Njia ya msitu ni yenu. Twende!"

Wakalirudia agizo, wakipokezana. Sahihi.

Halafu sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyelala kwenye matope ya katuni. "Stesheni, Stesheni, hapa Radi. Nimelala chini ya mnara. Nimebakiwa na dakika tano. Je, nisogee?" Hajawahi kujitaja. Hajawahi kuuliza.

"Radi, hapa Stesheni. Usisogee. Gari la wagonjwa linakuja kwa njia ya msitu, litakufikia baada ya dakika nne."

Nilitegemea "sawa". Badala yake: "Radi, narudia. Nisisogee. Gari la wagonjwa linakuja kwa njia ya msitu. Dakika nne."

"Sahihi," nilisema. Sijui kama alisikia kwamba nilitabasamu.

Bandeji alimfikia kwa dakika tatu na sekunde hamsini. Mapacha wakajaza vifaru. Na kwa kuwa sasa tulijua adui aliko, mjukuu wangu aligeuza vifaru viwili kuelekea darajani na kuwavamia wale waviziaji kwa nyuma. Saa kumi kamili mnara ulikuwa wetu. Kelele zilikuwa kubwa hata nikavua vipokea sauti na kuviweka ndani ya mfuko wa koti la mume wangu.

Nilivivaa tena mechi ilipokwisha, wafu waliporuhusiwa kusema. Wa kwanza alikuwa Kobe.

"Kobe, nipo," alisema.

Kisha Radi akasema: "Wabeba maji oyee!" Safari hii hakuna aliyecheka vibaya, wote waliitikia, mara tatu, na mimi niliitikia pia, peke yangu ndani ya kabati, mwanamke mzima.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Wa pili katika msimamo. Hoja ya kufuta nafasi zetu imekufa. Mjukuu wangu amekuja, amenikumbatia hadi nyonga ikalalamika, ameniita "Jenerali wa kabatini". Nimemwambia anyamaze, nikampa kipande kikubwa cha mkate.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mvua imekoma. Makoti yako kwenye kamba.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Kwa msimu ujao kikosi kimeongeza nafasi mbili za huduma, zimekuwa nane. Niliagiza kila anayetaka aandike barua, kwa mkono, yenye tarehe, na ailete mwenyewe. Nilidhani itapunguza wingi wao. Zimekuja kumi na moja. Nafasi ya kwanza nimempa msichana wa duka la dawa bila kusita.

Barua ya mwisho ililetwa leo na kijana mwembamba mwenye grisi kwenye kucha. Alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake. Sikumtambua mpaka aliposema: "Bibi, hapa Radi." Alinipa barua, akaondoka kabla sijamkaribisha.

Ameandika: "Nilipolala chini ya mnara nilifungua redio yenu kwa mara ya kwanza. Nilisikia kila kitu. Nimecheza miaka mitatu nikidhani mafuta huja yenyewe. Niliposema tumeuawa na foleni, niliwakosea watu watano wasio na hatia, na wa sita alikuwa amekwisha kukiri kabla sijamaliza kusema. Naomba nafasi ya dereva. Naomba lori tupu."

Makosa matatu ya tahajia. Nimeyaacha bila kuyatia wino mwekundu.

Mjukuu wangu amenipigia. "Bibi, ukimchukua, nani atanipigia risasi? Ndiye mkono wangu wa kulia."

"Mimi mkono wangu wa kulia unatetemeka na bado tumeshinda."

"Bibi!"

"Nitaamua mimi. Hiyo ndiyo maana ya kuomba kwa barua."

Kobe anasema nimchukue. Bandeji anasema nimchukue, lakini mwezi wa kwanza aoshe gari la wagonjwa, ingawa katika mchezo halichafuki. Mapacha wamegawanyika, mmoja ndiyo, mmoja hapana, jambo ambalo halijapata kutokea. Mjukuu wangu naye ana haki: kikosi bila mpigaji wake hodari kinaweza kushuka, nasi pamoja nacho.

Kesho saa nne asubuhi nimemwita Radi hapa jikoni. Nitampa kompyuta, barabara ndefu, na lori lisilo na kitu. Nitamwambia aseme "nipo" kila dakika kwa saa nzima, bila adui, bila risasi, bila mtu wa kumshangilia. Nami nitakaa ng'ambo ya meza na saa ya mume wangu, nisikilize ni dakika ya ngapi atachoka.

Akimaliza nitaamua, na nikishaamua wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa, daftari, kabla ya mjukuu na kabla yake mwenyewe. Kalamu nimeijaza wino. Mpaka hapo, nipo.